Meza Haibishani na Meza

"Sema tena," Mama Émérance alimwambia mume wake. "Na usiangalie chini. Kule chini hakuna Sinodi."

Zéphirin alikuwa amesimama katikati ya vitanda sita vya maternite ya parokia, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi kwa jirani. Akakohoa. "Wapendwa wa Sinodi. Parokia ya Himbi imenituma neno moja tu. Parseli yetu isiuzwe, isibadilishwe, isipewe mutu."

"Kwa nini? Juu ya nini?"

"Juu kuko maternite. Na bamama njo walibeba mawe yake."

Kwenye kitanda cha tatu, mwanamke aliyejifungua alfajiri alicheka mpaka akashika tumbo. "Ee Papa Zéphirin! Ukisema vile na sauti ya kondoo, watakuchinja."

"Nyamaza wewe, lala," Émérance alimwambia, lakini naye alikuwa anacheka. "Tena, Zéphirin. Na kifua."

Kicheko hicho kilikuwa na woga ndani yake. Komisere mmoja mkubwa wa serikali, ambaye jina lake watu walilitaja wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja, alikuwa amepita kando ya ziwa akaona kanisa letu dogo la Himbi, mjini Goma, maternite yake ya mawe meusi, na vyumba viwili vya nyuma alimokaa mkunga Émérance na familia yake. Akasema pale pangefaa nyumba yenye baraza ya kutazama maji. Hakuja kuiba. Wakubwa wa miaka ile hawakuiba, walibadilishana. Alitoa parseli nyingine, kiwanja cha Mugunga, mara tatu kwa ukubwa, juu ya mwamba wa volkano ambako hata muhogo hauoti. Kutoka Himbi mpaka Mugunga ni saa mbili na zaidi kwa mguu wa mtu mwenye afya. Kwa mguu wa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, hesabu mwenyewe.

Kwenye karatasi, parseli zote za parokia ni mali ya dayosisi, na dayosisi haiwezi kutoa hata moja bila Sinodi. Na Sinodi ni watu waliochaguliwa. Ndivyo tulivyofundishwa katika darasa la kipaimara, kwamba katika kanisa letu Askofu hatawali peke yake kama mfalme, kwamba walei nao wana kiti na sauti. Tukaamini. Pasta wetu Télesphore, ambaye alikuwa na haki ya kwenda kwa cheo chake, alikwisha kusema mapema kwamba yeye ni mtu wa kuhamishwa; akikohoa vibaya atajikuta msituni Walikale. Kwa hiyo parokia ilimchagua Zéphirin, fundi cherehani wa soko la Birere, kwa sababu moja: siku moja mbele ya watu alimkatalia sajini suruali yake mpaka alipe. Mtu aliyemkatalia mwenye bunduki, walisema, atashindwa na mwenye msalaba?

Walimvisha. Wamama walichanga kitambaa cha rangi ya majivu, akajishonea mwenyewe abakosti, koti la wakubwa wa miaka ile lisilovaliwa na tai. Viatu vilikuwa vya Mzee Léopold, mkuu wa baraza la parokia, na vilikuwa vidogo. "Vitapanuka," mzee alimwambia. "Muguu ya mutu wa kutumwa haiulizake kiatu."

Binti yao Kasoki, aliyekuwa anasoma sekondari, alimfungia mkate na ndizi. Émérance akamfunga kifungo cha shingo. "Usiposema," alimwambia kwa upole, "tutalala wapi? Na hawa watazalia wapi?"

"Nitasema," alisema Zéphirin. Na ukweli ni kwamba alikusudia kusema.

*

Mji wa Askofu ulikuwa ng'ambo ya ziwa. Ukumbi ulikuwa na mabenchi ya wajumbe, na mbele, juu ya jukwaa, meza ndefu yenye kitambaa cheupe na chupa za soda. Kwenye mabenchi kulikuwa na ndoo ya maji na kikombe kimoja. Pembeni alikaa bwana wa Chama cha serikali mwenye miwani myeusi; hakuwa mwamini wa dini yetu, hakuwa mjumbe, lakini jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya posho. Kwa ajili yake watu wote waliitana citoyen, yaani mwananchi, na kuacha majina ya ubatizo, ambayo serikali ilikuwa imeyakataza. Hata Askofu siku hizo tatu alisahau nani alimbatiza nani.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya uchaguzi wa Kamati ya Kudumu, ile inayoshika kazi ya Sinodi miaka mitatu mpaka Sinodi nyingine. Arkidiakono Modeste, mkubwa wa parokia zote za upande wa Goma, alisimama. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Baba Askofu, kwa walei wa Goma tunampendekeza citoyen Kamate. Fundi, mtu wa kazi, mtu wa sala."

Zéphirin aligeuka nyuma kumtafuta huyo Kamate. Kisha akakumbuka kwamba kwa kitambulisho ni yeye.

"Nani anakataa?" aliuliza Askofu.

Hakuna aliyekataa. Watu wakapiga makofi, na mjumbe wa jirani akamsukuma mgongoni. "Panda, papa! Wanakuita kule juu. Utatukumbuka, eh?"

Akapanda. Viatu vya Mzee Léopold vilimbana vidole kwenye kila ngazi. Akavutiwa kiti, akafunguliwa soda, na mtu aliyeifungua alimwita "mkubwa". Miaka ishirini alikuwa ameitwa "wewe wa mashini". Akaombwa neno la shukrani, naye akashukuru, na sauti yake haikuwa ya kondoo hata kidogo. Alimshukuru Mungu, Askofu, Arkidiakono na parokia iliyomzaa. Moyoni alijiambia: kumbe ni vizuri, mtu anayesema kutoka mezani anasikika kuliko anayesema kutoka benchi. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Wala msimcheke. Kati yetu hakuna ambaye angekataa kiti kile.

Mchana Kamati ilikula kwa Askofu, wali na nyama ya ng'ombe. Karatasi ikazungushwa mezani, kurasa nne za Kifaransa. Zéphirin alisoma Kiswahili cha Biblia bila kusita, lakini Kifaransa alikifahamu kama mtu anavyofahamu nyumba aliyopita nje yake tu. Hata hivyo macho yake yaliliona neno Himbi.

"Mon père," alimnong'oneza Arkidiakono, "hii karatasi inasema nini juu ya Himbi?"

"Ni mambo ya kuzungumza kesho mbele ya wote. Utasema kule, muko na haki yenu. Hapa ni kuonyesha tu kwamba ulikuwako. Ulikuwako, ao hukuwako?"

"Nilikuwako."

"Basi andika."

Akaandika jina lake zuri, kwa herufi za kupendeza, kama anavyoandika kwenye daftari la vipimo.

Kesho yake, azimio la saba lilisomwa kwa Kifaransa na katibu mwenye haraka. Zéphirin alisikia Himbi, akasikia Mugunga, akanyoosha mkono. Arkidiakono Modeste, ambaye ndiye aliyeongoza kikao saa hiyo, alimtazama kwa mshangao mpole.

"Citoyen Kamate, unanyoosha mukono wa nini?"

"Parokia ya Himbi imenituma neno moja..."

"Ngoja, ngoja. Azimio hili limeletwa na nani? Limeletwa na Kamati. Wewe ni nani? Wewe ni Kamati. Mabenchi wanaweza kubisha. Meza haibishani na meza. Ni kanuni."

Ukumbi ukacheka kidogo, kicheko cha watu wanaomsamehe mgeni.

"Basi nishuke," alisema Zéphirin, na akasimama kweli. "Nirudi ku benchi yangu, nisemee kule."

"Kushuka ni kwa barua. Barua inajadiliwa na Kamati. Kamati itakutana mwezi wa tisa. Kaa, ndugu, kaa, unatuchelewesha kula."

Mabenchi wangeweza kubisha, ndiyo. Lakini mabenchi walitoka milimani na misituni. Himbi kwao ilikuwa neno tu, na kama mtu wa Himbi mwenyewe ameketi mezani na soda yake, wao wabishe kwa niaba ya nani? Pasta Télesphore, mstari wa nne, alikuwa anatafuta kitu ndani ya Biblia yake. "Kwa makofi," alisema Arkidiakono. Makofi yakapigwa. Bwana wa miwani aligeuza uso pole pole kando ya meza, mtu mmoja baada ya mwingine, na alipomfikia Zéphirin, mikono ya Zéphirin ilikuwa inapiga makofi.

*

Habari ilimtangulia. Arkidiakono alikuwa amepiga foni parokiani kwamba Himbi imepata mtu wa Kamati, na boti ilipotia nanga wamama walikuwa wamejaa bandarini na ngoma. Walimvisha taji la maua. Mzee Léopold alilia hadharani. "Tangu parokia izaliwe hatujapata mutu mule ndani! Sasa wataona!"

Zéphirin alifungua kinywa mara mbili. Mara zote mbili vigelegele vilikijaza.

Walipofika nyumbani, Émérance alimwekea maji ya kuogesha miguu, akaona malengelenge, akayagusa kwa upande wa kidole. Alikuwa mwanamke wa kazi ya mkono, hakuwa na maneno mengi.

"Ulisema?"

"Nilinyoosha mukono."

"Sikukuuliza mukono. Minakuuliza mudomo."

"Walinikatia. Iko na kanuni yao kule, mama Kasoki. Mutu wa Kamati hana... Lakini haijaisha. Mwezi wa tisa tutakutana tena. Sasa niko ndani. Mutu wa ndani anaweza mambo."

Akamkausha mguu mmoja. "Kwa hiyo parseli iko?"

"Haijaisha, nilikuambia."

Hakudanganya, unaona? Alisema haijaisha. Hivyo ndivyo watu wazuri wanavyoanza.

Jumapili alitakiwa kutoa ripoti, akasema ameshikwa na koo. Jumapili ya pili akasema anangojea karatasi rasmi. Wakati huo alianza kuitwa Papa Kamati. Alipewa benchi la mbele. Mwenye bucha wa Birere alimwongezea mfupa. Mwanamke mmoja alimletea kuku ili mtoto wake aingizwe shule ya kanisa, naye akamrudisha kuku, na mwanamke akaenda akisema kwamba Papa Kamati anataka mbuzi. Cherehani aliigeuza, akakaa akitazama ukuta, maana kila mpita njia alikuwa anamsalimia kwa heshima na heshima ile ilikuwa inamchoma.

*

Watu wa kadastre, ofisi ya kupima viwanja, walikuja siku ya Jumanne saa nne za asubuhi, wawili, na mkanda wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Waliandika alama ya msalaba kwenye ukuta wa maternite, karibu na dirisha. Ndani kulikuwa na wanawake wanne, na mmoja alikuwa amefika mahali ambapo hakuna kurudi.

Émérance alitoka na mikono yenye sabuni. "Ninyi! Munapaka nini pale?"

"Mama, sisi ni batumishi. Hapa ni kwa Komisere sasa. Muko na siku makumi mbili."

"Nani aliwaambia? Sinodi haijamaliza."

Mkubwa wao alicheka, si kwa ubaya, akatoa karatasi kwenye mkoba. "Mama, kanisa yenu njo ilitupatia. Ona sahihi."

Wamama walikwisha kukusanyika, na Mzee Léopold, aliyekuwa akipalilia nyuma ya kanisa, alikuja na jembe. Hakuna aliyejua Kifaransa cha karatasi. "Mwite Kasoki," alisema mzee. "Sisi tunalipa shule kwa kazi gani?"

Kasoki alikuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu walimu walikuwa wamegoma. Alikuja akikausha mikono kwenye sketi, akashika karatasi. Alisoma kimya kwanza, na midomo yake ikaacha kutembea.

"Soma, mama," Léopold alimhimiza. "Usituogope."

"Inasema... Sinodi imekubali kubadilisha parseli ya Himbi na ya Mugunga. Inasema Kamati ya Kudumu njo ilileta azimio. Inasema limepita kwa sauti moja. Kwa makofi."

"Sauti moja ya nani? Wa Himbi alikuwa kule! Soma majina."

Kasoki alisoma jina la Askofu. Akasoma la Arkidiakono. Akasoma majina mengine matano ya watu wasiojulikana. Kisha akakunja karatasi.

"Bado kuko moja," alisema mtu wa kadastre, aliyetaka kusaidia. "Pale chini. Muzuri kabisa, anaandika kama padri."

"Kasoki," alisema Émérance. "Soma."

"Kamate," alisema binti, bila kuinua uso.

 Ndani ya maternite mwanamke akapiga kelele, na Émérance akageuka akaingia, maana mtoto hangojei kesi ya mtu. Alizalisha salama. Alipomaliza, alimpeleka Kasoki Birere amwite baba yake, na Zéphirin alipofika na sindano bado imechomekwa kolani, wamama walikuwa bado wamekaa uani.

"Papa Kamati amekuja!" mmoja alisema. "Mumupatie kiti. Anapendaka kiti."

"Na soda," alisema mwingine.

Alieleza yote. Alieleza karatasi ya chakula, mkono ulionyooshwa, neno la meza. Waliposikia habari ya meza baadhi yao walinyamaza, kwa kuwa walielewa kwamba alitegwa. Hapo angeweza kuokoka. Lakini Émérance aliuliza, akiwa amesimama mlangoni:

"Na makofi? Wewe ulipiga?"

 Fundi alitazama mikono yake kama vile ingeweza kujibu.

"Nilipiga."

*

Jumamosi mchana Mzee Léopold alikuja kwenye vyumba vya nyuma. Alizungumza na Émérance kana kwamba Zéphirin, aliyekuwa amekaa pale pale, ni kabati.

"Kesho Arkidiakono anakuja kutuliza batu. Nimeuliza katekista wa zamani anayejua kanuni. Parokia inaweza kumwita mujumbe wake na kumuondoa, kwa kura, mbele ya Arkidiakono. Tukimuondoa, anakuwa mutu aliyesema kule bila kutumwa. Sahihi yake inakufa. Na ile 'sauti moja' inakufa. Tunabeba karatasi kwa gavana, tunamuambia: ona, wenyewe wa Himbi hawakukubali. Pengine haitasaidia. Lakini tuko na nini ingine?"

"Hatuko na kitu," alisema Émérance.

Mzee aliondoka. Zéphirin ndiye aliyeanza.

"Utasimama upande wa Léopold."

"Nitasimama. Na Kasoki."

"Simama. Kama ni ya kusaidia parseli, simama. Hata mimi ningesimama."

Émérance alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alimwita kwa jina. "Zéphirin. Wewe kesho kazi yako ni moja. Ni kubakia pale batakakuweka. Utaweza?"

"Mutu kusimama tu? Nitaweza."

*

Arkidiakono Modeste alikuja na Land Rover ya dayosisi. Alihubiri juu ya Ibrahimu aliyeacha nchi yake. Alisema kanisa si kuta. Alisema Mugunga kuna hewa nzuri. Watu walipoanza kunung'unika na Léopold akaomba kura ya kumwondoa mjumbe, Arkidiakono hakukataa. Alikuwa mtu mzoefu, alijua kwamba watu wenye hasira ukiwapa mtu, wanasahau kitu. Acha wamle fundi wao, washibe, walale.

"Muko na haki," alisema. "Sisi si kanisa la dikteta." Bwana wa Chama hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo neno lilimtoka kwa urahisi.

Wakatoka nje. Kura za parokia hazikupigwa kwa karatasi, maana wengi hawakujua kuandika. Zilipigwa kwa miguu. Zéphirin aliwekwa kwenye ukuta wa kanisa, upande wa ziwa. Léopold aliwekwa kwenye miti ya mikaratusi upande wa barabara. Anayetaka Kamate aendelee asimame nyuma ya Kamate. Anayetaka aondolewe asimame nyuma ya mzee. Katibu alifungua daftari juu ya boneti la gari.

Émérance alikwenda wa kwanza. Hakukimbia, hakusitasita, alikaza kitenge, akavuka uwanja, akasimama nyuma ya Léopold. Kasoki akamfuata huku analia kwa hasira. Kisha wamama wote wa mawe. Kisha wanaume. Kisha vijana wa kwaya, na mwenye bucha, na yule mwanamke wa kuku, na Pasta Télesphore mwenyewe, ambaye alizunguka uwanja mara moja kama mtu anayetafuta choo, kisha akajipachika mwishoni mwa mstari akitazama juu. Mstari ulifika barabarani ukakunja kona.

Nyuma ya Zéphirin hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ziwa.

Sasa sikiliza yaliyomfanya. Si aibu, aibu alikwisha kuizoea wiki nzima. Alitazama mstari ule, watu waliochanga kitambaa alichovaa, mke wake mbele kabisa, na akaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu Komisere apite kando ya ziwa parokia yote imesema neno moja, na neno hilo lilikuwa lake. Ndilo alilotumwa kulisema. Neno 'hapana'. Walikuwa wanalisema bila yeye. Akatoka ukutani. Akavuka uwanja mzima kwa hatua ndefu, kichwa juu, akapita mbele ya Arkidiakono, akaenda kusimama nyuma ya Pasta Télesphore, wa mwisho kabisa, kujiondoa mwenyewe.

Watu waliona. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakapokea, na wengine wakapiga makofi, na mwenye bucha akapaza sauti: "Sasa huyu njo mutu!" Mzee Léopold alikuwa amefunika uso. Ni Émérance peke yake aliyekuwa anapunga mkono, anapunga kwa nguvu, kama mtu anayemfukuza mbuzi kwenye mihogo. "Rudi!" alikuwa anaita. "Zéphirin, rudi kule!" Vigelegele vilimzidi.

Arkidiakono Modeste alifunga daftari.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ile ya kuamsha wagonjwa, "hii imenisikitisha. Mwenye kupigiwa kura akiacha mahali pake, kura imekufa. Mungewahesabu nyuma ya nani na nyuma ya nani? Upande mmoja hauko tena."

"Hesabuni tu!" alipaza Léopold. "Kila mutu anaona!"

"Kuona si kanuni, muzee."

"Tuonyeshe article," alisema Kasoki. Alikuwa ametoka kwenye mstari, machozi hayajakauka. "Mon père, tuonyeshe mahali imeandikwa. Mimi ninajua kusoma."

Arkidiakono alimtabasamia. "Mutoto mwenye akili. Kitabu kiko ku bureau ya Askofu, ng'ambo. Ukija, nitakuonyesha."

Zéphirin alikuwa amekwisha kuelewa. Alirudi mbio, viatu vikigonga mawe, akabana mgongo kwenye ukuta wa kanisa, mikono imenyooka kando kama mtu anayepimwa urefu. "Nimerudi! Niko pale pale! Hesabuni sasa!"

"Kura hairudiwi siku moja," alisema Arkidiakono, akiingia garini. "Itawezekana baada ya miezi sita. Mpaka hapo citoyen Kamate ni mtu wa Kamati, na karatasi iko vile iko. Tuonane mwezi wa tisa, ndugu. Usikose. Asiyekuja tunamhesabu amekubali." Akainua mkono akatoa baraka dirishani. Hakuna aliyesema amina, na gari halikuingoja.

Mstari haukuvunjika. Walibaki wamesimama nyuma ya Mzee Léopold mpaka jua likawa utosini, na mzee akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti, akafika mia moja na kumi na saba. Lakini daftari lilikuwa limeondoka na gari. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na tano.

Baadaye, watu walipoanza kutawanyika mmoja mmoja bila kuagana, Émérance alivuka uwanja akamkuta mume wake bado ameegemea ukuta.

"Ulitoka juu ya nini?"

"Nilitaka kuwa pamoja na ninyi."

Hakupandisha sauti. Ndani kulikuwa na wagonjwa.

"Siku ya kuwa pamoja na sisi ilikuwa ile ya Sinodi, Zéphirin. Leo tulikuwa na lazima ubakie peke yako."

Akaingia kufungua vitanda vitupu, tayari kwa kuhama.